Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Utitiri kwenye Mimea ya Mapambo kwa Sabuni ya Kuulia Wadudu

Sabuni ya kuulia wadudu humuua utitiri kwa kumlowesha, na ikishakauka juu ya jani haiui tena. Kila hatua iliyomo katika mwongozo huu, kuanzia uchaguzi wa maji hadi hesabu ya siku za kurudia, inatokana na jambo hilo moja. Wengi wanaosema kwamba sabuni haifanyi kazi wamepuliza juu ya majani, saa ya jua kali, mara moja tu, kisha wakasubiri dawa imalize kazi iliyobaki. Dawa nyingine huweza kuimaliza kwa kuwa sumu yake hubaki kwenye jani kwa siku kadhaa, lakini sabuni haina akiba ya namna hiyo. Anayeielewa tabia hii na kuifuata atapata dawa ya bei nafuu, isiyoacha sumu kwenye bustani wanamocheza watoto, na ambayo utitiri hawaizoei kwa urahisi kama wanavyozizoea dawa nyingine.

Mfahamu unayepambana naye

Utitiri ni jamaa wa buibui na kupe. Aliyekomaa ana miguu minane, ingawa yule aliyetoka kwenye yai sasa hivi ana sita. Anayesumbua mimea ya mapambo kuliko wenzake ni utitiri mwenye madoa mawili, ambaye wanasayansi humwita Tetranychus urticae, na ambaye hula waridi, haibiskasi, mikarafuu ya maua, dalia na mamia ya mimea mingine. Jike ana urefu wa takriban nusu milimita, rangi yake ni njano inayoelekea kijani, na kila upande wa mwili ana doa jeusi ambalo kwa kweli ni chakula kilichomo tumboni kinachoonekana kupitia ngozi yake nyembamba.

Makao yake ni upande wa chini wa jani. Hapo hutoboa seli moja baada ya nyingine na kufyonza kilichomo, na kila seli iliyofyonzwa huacha kidoa cheupe au cha njano kinachoonekana upande wa juu. Mwanzoni vidoa hivyo hujipanga karibu na mshipa wa kati wa jani. Vikizidi, jani zima hupauka, hugeuka rangi ya shaba, hukauka na kuanguka. Utitiri wakishakuwa wengi hufuma utando mwembamba kati ya majani na vikonyo, na huo ndio ushahidi ambao watu wengi huuona kwanza, ingawa ukishaonekana ujue shambulio lina wiki kadhaa.

Kasi ya kuzaliana kwao ndiyo inayowashinda wakulima wa bustani. Katika joto la nyuzi 30 za selsiasi, yai huanguliwa kwa siku tatu hivi, na safari nzima kutoka yai hadi utitiri anayetaga huchukua takriban wiki moja. Katika nyuzi 20 safari hiyo huchukua wiki mbili hadi tatu. Jike mmoja huweza kutaga mayai mia moja au zaidi katika maisha yake. Zaidi ya hayo, jike ambaye hajapandwa na dume bado hutaga mayai, na mayai hayo hutoa madume, kwa hiyo jike mmoja tu aliyenusurika kwenye jani lisilofikiwa na dawa anatosha kuanzisha ukoo mpya. Joto, ukavu na vumbi huwapendelea. Mimea iliyo kando ya barabara ya vumbi, kando ya ukuta unaoakisi joto au chini ya paa ambako mvua haifiki ndiyo hushambuliwa kwanza, na hiyo ndiyo ya kukagua kwanza.

Wapo pia utitiri wanaopenda ubaridi. Katika nchi zenye majira ya baridi, Oligonychus ununguis hushambulia mireteni, miberoshi na miti ya jenasi ya Picea wakati wa machipuko na wa vuli, na Oligonychus ilicis hushambulia azalia, kamelia na miti ya jenasi ya Ilex. Kwa mimea hiyo, madoa yanayoonekana katikati ya kiangazi huwa ni makovu ya shambulio lililokwisha kupita, na kupuliza sabuni wakati huo ni kuosha majani tu.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba ni utitiri, na kwamba wako hai

Chukua karatasi nyeupe na uishike chini ya tawi lenye majani yenye vidoa, kisha ligonge tawi hilo kwa nguvu mara mbili tatu. Vumbi na takataka vitaanguka kwenye karatasi. Usiangalie mara moja. Subiri kidogo na utazame karatasi kwa utulivu, maana kati ya chembe zile zilizolala utaona nyingine zikianza kutambaa. Chembe zinazotembea polepole zikiwa na rangi ya njano, ya kijani au nyekundu ya kahawia ni utitiri wanaokula mimea. Zile zinazokimbia huku na huku kwa kasi, mara nyingi zikiwa na mwili wa kung'aa wenye umbo la tone, huenda zikawa utitiri wawindaji wanaokula wenzao, na hao ni marafiki zako. Ukipitisha kidole juu ya karatasi, utitiri waliopondwa huacha michirizi.

Kioo cha kukuza cha mara 10 hadi 15 kinastahili kununuliwa na kila mwenye bustani. Kwa kioo hicho, geuza jani na utazame pembeni mwa mishipa: utaona utitiri wenyewe, mayai ya duara yanayong'aa, na magamba meupe yaliyovuliwa. Mayai na watambao wakiwapo, shambulio linaendelea. Yakiwapo magamba makavu peke yake, shambulio limekwisha na hakuna haja ya kupuliza chochote. Vithiripi, yaani wadudu wadogo wembamba wanaofyonza majani, nao huacha majani yamepauka, lakini huacha pia vidoa vidogo vyeusi vya kinyesi na hawafumi utando. Sabuni huwaua wale walio wazi, ila utaratibu wao ni mwingine.

Hesabu unachokiona kwenye majani kumi yaliyochukuliwa sehemu mbalimbali za mmea na uandike. Tarakimu hiyo, hata ikiwa ya kukadiria, ndiyo itakayokuambia baadaye kama dawa imefanya kazi, kwa sababu jani lililokwisha kupauka halirudi kuwa kijani hata utitiri wote wakifa, na anayepima mafanikio kwa rangi ya majani ya zamani atakata tamaa bure.

Hatua ya pili: chagua sabuni iliyo sabuni

Sabuni ya kuulia wadudu ni chumvi ya potasiamu ya asidi za mafuta, hasa asidi zenye mnyororo mrefu kama asidi ya oleiki. Ikimlowesha utitiri, huyeyusha nta inayozuia maji yasitoke mwilini na kuvuruga tando za seli zake, naye hukauka na kufa. Kwa kuwa inamdhuru kwa njia ya kimwili namna hiyo, si rahisi kwa utitiri kujijengea usugu, na jambo hili lina uzito mkubwa: Tetranychus urticae ni miongoni mwa viumbe wanaojulikana duniani kote kwa kuzoea viuatilifu haraka, na bustani nyingi zimekwisha kupoteza uwezo wa kutumia dawa ambazo zamani zilimuua.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo mara nyingi si sabuni kwa maana hii. Nyingi ni visafishaji vya kemikali vilivyotengenezwa kuondoa grisi kwenye sahani, na huweza kuondoa vilevile nta inayolinda jani, huku manukato na rangi zake vikiongeza hatari ya kuunguza. Sabuni za kipande na za unga wa kufulia hutengenezwa kwa sodiamu, ambayo mimea haiivumilii kama inavyovumilia potasiamu, na za unga huwa na viungo vingine vikali zaidi. Kwa hiyo ushauri wangu ni kununua sabuni iliyotengenezwa kwa kazi hii na yenye lebo inayotaja potasiamu na asidi za mafuta. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na uzio mzima wa mimea ulioungua.

Sabuni hizi huuzwa kwa namna mbili. Iliyokwisha kuchanganywa hutumika kama ilivyo na inafaa kwa mimea michache. Ya kuchanganya mwenyewe huwa na kiini cha karibu asilimia 50, nayo hupunguzwa kwa maji hadi ibaki asilimia 1 au 2. Kwa sabuni yenye nguvu hiyo, mililita 20 katika kila lita 1 ya maji hutoa mchanganyiko wa takriban asilimia 1, kwa hiyo bomba la mgongoni la lita 15 litahitaji mililita 300. Soma lebo kwanza, kwa sababu nguvu ya kiini hutofautiana, na kipimo cha lebo ndicho cha kufuatwa. Kuzidisha kipimo hakuongezi sana vifo vya utitiri, lakini huongeza haraka uwezekano wa kuunguza majani.

Hatua ya tatu: pima maji kabla ya kuyachanganya

Hatua hii hurukwa na wengi, nami naiona kuwa chanzo kikubwa cha sabuni kushindwa kazi. Maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, hushikana na asidi za mafuta na kutengeneza utando mweupe usioyeyuka, ule ule unaobaki pembeni mwa beseni baada ya kuoga. Kila kiasi cha sabuni kilichogeuka utando ni sabuni iliyokufa: haimlowanishi utitiri, huziba nozeli (ncha ya bomba inayotoa matone), na huacha madoa kwenye majani.

Kipimo chake ni rahisi. Weka maji utakayotumia kwenye chupa au gilasi safi inayoonyesha kilichomo ndani, ongeza sabuni kwa kipimo cha lebo, koroga, kisha acha kwa dakika 15 hadi 20. Mchanganyiko mzuri hubaki na rangi moja ya maziwa mepesi kutoka juu hadi chini. Ukiona mabonge meupe yanayoelea, utando unaozunguka juu au mashapo chini, maji hayo hayafai. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ndiyo bora kuliko yote. Maji yaliyotonezwa au yaliyochujwa chumvi yanafaa pia. Maji ya visima virefu na yanayopita kwenye miamba ya chokaa ndiyo yanayoleta shida mara nyingi. Maji yakiwa na chuma kingi tatizo huwa lile lile.

Changanya kiasi utakachomaliza siku hiyo hiyo. Jaza bomba maji kwanza hadi karibu na kiwango kinachotakiwa, kisha mimina sabuni na ukoroge taratibu, maana ukianza na sabuni na kuifuatishia maji yanayotoka kwa kasi, bomba litajaa povu na hutajua umepima nini. Usichanganye sabuni na mbolea ya majani, salfa wala dawa za shaba. Madini yake huivuruga sabuni na mchanganyiko unaopatikana huweza kuunguza mimea.

Hatua ya nne: jaribu kwenye majani machache

Mimea haifanani katika kuivumilia sabuni. Feni (makangaga), hasa zile zenye majani mepesi, gadenia, lantana, Euphorbia milii na maple ya Kijapani zinajulikana kwa kuungua kirahisi. Begonia, azalia na poinsetia zinahitaji tahadhari. Miti ya jenasi ya Picea yenye rangi ya buluu hupoteza rangi yake, kwa kuwa rangi hiyo ni nta iliyo juu ya sindano na sabuni huiondoa. Mti hautakufa, lakini utabaki kijani hadi utoe sindano mpya. Mimea yoyote yenye majani ya manyoya hushika sabuni kwa muda mrefu na huhitaji uangalifu.

Chagua tawi moja lenye majani machanga na yaliyokomaa, lipulizie kama utakavyopulizia mmea wote, na ulifunge uzi ili usilisahau. Subiri siku moja hadi mbili. Jani lililoungua huonyesha kingo za kahawia, madoa ya njano au ncha zilizokauka. Hakuna dalili hizo, endelea. Zikiwapo, punguza kipimo na ujaribu tena kwenye tawi jingine, au uache sabuni na kutumia maji peke yake kwa njia nitakayoieleza.

Mmea ulionyauka kwa kiu, uliohamishwa karibuni au unaochipua majani mapya mengi kwa pamoja usipuliziwe. Mwagilia siku moja kabla ili majani yawe yamejaa maji. Jani lililoshiba maji huvumilia sabuni kuliko lenye kiu.

Hatua ya tano: osha mmea kwa maji kwanza

Siku moja kabla ya kupuliza, au asubuhi ikiwa utapuliza jioni, elekeza maji yenye nguvu ya wastani kwenye upande wa chini wa majani kutoka chini kwenda juu. Maji hayo huangusha utitiri wengi, hupasua utando na kuondoa vumbi. Hatua hii si nyongeza ya hiari. Utando wa utitiri huzuia matone ya sabuni yasiwafikie waliojificha ndani yake, na vumbi hunywa sehemu ya sabuni. Wapo wenye bustani waliodhibiti utitiri kwa maji peke yake, wakiosha kila baada ya siku mbili tatu, na kwa mimea isiyovumilia sabuni hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza.

Kata matawi yaliyojaa utando na majani yaliyokwisha kukauka, uyatie ndani ya mfuko na kuyaondoa bustanini. Usiyakokote bila kuyafunga ukiyapitisha kati ya mimea mingine, kwa kuwa utitiri hudondoka na hupeperushwa na upepo wakiwa kwenye nyuzi zao.

Hatua ya sita: puliza, na ulowanishe upande wa chini

Muda unaofaa ni asubuhi mapema, umande ukiwa umekauka, au jioni jua likiwa limepoa. Kuna mizani hapa inayotakiwa kueleweka. Mchanganyiko ukikauka ndani ya dakika chache, utitiri hunusurika. Ukikaa mbichi kwa saa nyingi, hasa katika joto na unyevu mwingi, jani huungua. Hali ya hewa ya baridi kiasi na tulivu hukupa muda ulio katikati. Joto likipita nyuzi 32 za selsiasi usipulizie kabisa, na usipulizie kwenye upepo wala mvua ikiwa inakaribia, kwa sababu mvua itaisafisha sabuni kabla haijafanya kazi.

Vaa miwani ya kinga na glovu. Sabuni hii ni miongoni mwa dawa zenye hatari ndogo kwa binadamu, lakini huchoma macho vikali, na anayepuliza kutoka chini kwenda juu matone humrudia usoni. Mikono mirefu inatosha kwa ngozi. Funika bwawa la samaki au songa mbali nalo: sabuni ni sumu kwa samaki na viumbe wadogo wa majini, na mabaki ya bomba yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea mtoni.

Weka nozeli itoe matone madogo, siyo mkondo. Piga magoti ikibidi. Anza chini ya mmea, geuza ncha ya bomba itazame juu, na uipitishe polepole ndani ya kichaka ukielekea kwenye vilele, ukifuata kila tawi. Upande wa chini wa kila jani ulowane hadi matone yaanze kukusanyika ukingoni na kudondoka. Hapo ndipo pa kuachia. Kisha zunguka mmea na urudie kwa upande wa pili, maana jani lililoonekana limelowa ukiwa kusini mwake mara nyingi lina nusu kavu ukilitazama kutoka kaskazini. Malizia na upande wa juu wa majani na vikonyo. Kwa uzio wa mimea uliofungamana, fungua matawi kwa mkono mmoja na upulizie ndani kwa mwingine, la sivyo utakuwa umelowanisha ganda la nje na kuwaacha utitiri wa ndani wakiendelea kula.

Ukishamaliza sehemu ya kwanza, simama na ukague kazi yako. Chuma majani matano kutoka katikati ya kichaka, yageuze na utazame kama yamelowa yote, pamoja na pembe zilizo kati ya mishipa ambamo utitiri hupenda kukaa. Jani lenye sehemu kavu ni jani lenye utitiri hai. Wapulizaji wengi hushangaa kuona jinsi dawa inavyotumika mara mbili ya walivyodhani, na hilo ni jambo la kawaida: kazi hii hailipi kwa kubania dawa.

Mimea iliyoonyesha unyonge wakati wa jaribio huweza kusuuzwa kwa maji safi saa chache baada ya kupuliza, dawa ikiwa imekwisha kukauka, kwa kuwa hapo haina kazi iliyobaki ila kukaa kwenye jani.

Hatua ya saba: rudia kwa hesabu ya mayai

Sabuni haidhuru sana mayai, na utitiri waliotulia wakisubiri kujivua gamba nao hunusurika kwa wingi kuliko wanaotembea. Hii ina maana kwamba siku chache baada ya kupuliza, mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa, na kizazi kipya kitakuwa kinakula. Lengo la kurudia ni kukikuta kizazi hicho kimeshatoka kwenye yai na hakijaanza kutaga.

Katika joto la nyuzi 25 hadi 30, rudia kila baada ya siku 4 au 5. Katika nyuzi 20, siku 7 zinatosha. Fanya mizunguko mitatu mfululizo, kisha usimame na ukague. Mtu anayepuliza leo na kurudi baada ya wiki mbili katika msimu wa joto hukutana na majike mapya ambayo yameshataga, na kwa hesabu hiyo kila mzunguko huanza upya. Kwa upande mwingine, kupuliza kila siku hakusaidii chochote. Sabuni hujilimbikiza kwenye majani, nta hupungua, na mmea ulionusurika kwa utitiri huumizwa na dawa. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine, kuosha mmea kwa maji siku moja kabla ya kupuliza huondoa mabaki ya sabuni ya awali.

Kagua siku 2 au 3 baada ya kila mzunguko kwa karatasi ile ile nyeupe na kwa majani kumi. Tarakimu ikishuka sana baada ya mzunguko wa kwanza, kisha ikapanda kidogo kabla ya wa pili, hali ni nzuri, kwani kupanda huko ni mayai yaliyoanguliwa. Ikibaki pale pale, tatizo liko kwenye mambo matatu kwa mpangilio huu: upande wa chini haukulowa, maji ni magumu, au dawa ilikauka haraka mno. Chunguza hayo kabla ya kufikiria dawa nyingine.

Walinde wanaokusaidia

Utitiri wana maadui wengi. Utitiri wawindaji kama Phytoseiulus persimilis hula mayai na wakubwa, wadudu-kibibi wadogo weusi wa jenasi ya Stethorus huishi kwa kula utitiri karibu peke yao, na vithiripi wawindaji nao wamo. Sabuni huwaua maadui hawa wakiloweshwa, lakini ikishakauka wanaorudi kutoka mimea ya jirani hawadhuriki. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. Viuatilifu vinavyoua kila kitu, hasa kabarili na vile vya jamii ya piretroidi, huwamaliza wawindaji na kuwaacha utitiri wakizaliana bila mpinzani. Milipuko mingi mikubwa ya utitiri huanza wiki chache baada ya mtu kupulizia dawa kama hizo akiwalenga wadudu wengine. Imidaklopridi nayo, ingawa huwekwa kwenye udongo, imehusishwa na ongezeko la utitiri kwenye miti na vichaka kadhaa.

Kwa hiyo, ukikuta kwenye karatasi wawindaji wengi wanaokimbia na utitiri wachache, osha kwa maji, ngoja siku chache, na ukague tena. Usipulizie mmea wote ikiwa shambulio liko kwenye matawi mawili. Usipulizie maua yaliyofunguka wakati nyuki wanatembelea. Jioni ndiyo saa yake.

Punguza pia mbolea ya naitrojeni wakati wa shambulio, kwa sababu majani laini yenye naitrojeni nyingi huwafanya utitiri watage zaidi. Mwagilia kwa kina na kwa mpangilio, weka matandazo, na inapowezekana lowanisha njia ya vumbi iliyo karibu.

Pale ambapo sabuni haitoshi

Kuna utitiri ambao sabuni haiwafikii hata ukipuliza kwa ustadi wote. Wa familia ya Eriophyidae ni wadogo zaidi, wana miguu minne tu na mwili kama mnyoo, na wengi wao huishi ndani ya vichipukizi au ndani ya vinundu wanavyousababishia mmea kuviotesha. Polyphagotarsonemus latus hujificha kwenye vilele vichanga, na majani mapya hutoka yakiwa yamejikunja na kukakamaa. Kwa hawa, kukata sehemu zilizoathirika na kuziondoa bustanini ndiyo hatua ya kwanza, na sabuni hubaki msaada mdogo kwa wale wanaotembea nje.

Kwa utitiri wa kawaida, ikiwa mizunguko mitatu iliyofanywa sawasawa haikuleta nafuu, mafuta ya bustani yaliyosafishwa ndiyo hatua inayofuata, kwa kuwa huziba pumzi na huua pia mayai. Masharti yake ya joto na ya mmea usiwe na kiu yanafanana na ya sabuni, na hayatumiki karibu na siku ambazo salfa imepulizwa. Acha angalau wiki mbili kati yake na salfa. Ukilazimika kununua dawa ya utitiri yenye sumu kali zaidi, chagua iliyo mahsusi kwa utitiri, ifuate lebo yake neno kwa neno, na ubadilishe kundi la dawa msimu unaofuata.

Mmea wa msimu mmoja uliokwisha kuliwa hadi utando umefunika vilele vyote ni bora uondolewe kuliko kuokolewa. Ufunike kwa mfuko ukiwa bado umesimama, ukate shina chini ya mfuko huo, na uufunge mdomo kabla hujauinua. Kisha uyapulizie sabuni majani ya mimea iliyokuwa ikigusana nao jioni hiyo hiyo, kwa sababu utitiri waliokosa makao huhamia kwa jirani.